Mbwa wa Himbi aliyeuma bila kubweka: uchambuzi wa kisa cha woga

Bobi ni mbwa dume wa kienyeji, rangi ya udongo, na alikuwa anakaribia miaka minne nilipoitwa kumwona mapema mwaka 2025. Anaishi kwenye parsele (kiwanja) moja ya kartiye (mtaa) Himbi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, yenye ukuta wa mawe ya lava, geti la chuma na nyumba ya mbao iliyoinuliwa kwa ngazi za saruji. Kazi aliyopewa ni ulinzi, akisaidiana na santineli (mlinzi) mzee anayelala karibu na geti. Tangu mwishoni mwa Januari alikuwa ameiacha. Alishinda chini ya ngazi, alikula usiku tu watu wakishalala, na geti likigongwa alijikojolea palepale. Kisha siku moja fundi wa bomba aliyekuja kutengeneza tanki la maji akaangusha spana, ikaserereka chini ya ngazi, naye akanyoosha mkono kuifuata. Bobi akamuuma. Mama mwenye nyumba akanipigia simu: "Docta, mbwa ameharibika. Papa anasema tumuue leo leo. Uje umwone kwanza."

Kabla ya kuzungumzia woga ilibidi tuzungumzie kichaa cha mbwa. Mbwa aliyebadilika tabia kisha akauma mtu ni wa kushukiwa hadi siku zithibitishe vinginevyo, hata kama kila mtu nyumbani anadhani anaijua sababu. Nilimwomba mama, kabla hata sijapanda moto (pikipiki) kwenda kwake, jeraha la fundi lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo aanzishiwe chanjo, kwa kuwa Bobi hakuwa na kadi yoyote ya chanjo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinachookoa ni chanjo ya mapema. Papa nilimweleza kwa nini asimuue mbwa. Mbwa ambaye mate yake yana virusi siku anapouma huugua na kufa ndani ya siku 10 hivi. Akifungiwa, akaangaliwa, na akabaki mzima muda wote huo, tunajua kwamba fundi hakuambukizwa na meno yale. Ukimuua na kumfukia, swali linabaki mikononi mwa fundi na familia yake. Hilo papa alilikubali haraka kuliko jambo lolote nililomwambia baadaye. Siku kumi zilipita, Bobi akala, akanywa, akabaki yuleyule.

Nilipomshika, kwa utaratibu na mdomo umefungwa utepe laini, nilikuta shingoni kidonda cha zamani chini ya manyoya, mahali waya wa kumfungia ulipokuwa ukikaza, na kupe wengi ndani ya masikio. Mambo haya huonekana madogo mbele ya neno zito kama woga, ndiyo maana watu huyaruka. Lakini mbwa mwenye maumivu anakuwa na subira fupi, na maumivu yanaweza kumfanya aogope sauti zaidi, kwa sababu kila anaposhtuka na kukaza mwili anaumia, na punde sauti na maumivu vinakuwa kitu kimoja kichwani mwake. Tulitibu kidonda, tukatoa kupe, waya ukatupwa. Mazoezi yoyote yakasubiri shingo ipone.

Sasa historia yake. Bobi alifika katika nyumba hii Juni 2021. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 22 Mei, matetemeko yakaendelea siku baada ya siku, na tarehe 27 Mei wakaaji wa kartiye nyingi wakaamriwa wahame. Familia ilikimbilia mji jirani wa Sake kama maelfu ya wengine, na iliporudi ilikuja na mtoto wa mbwa aliyetolewa kwa mama yake akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Walimfunga nyuma ya jiko ili asipotee, na huko alikulia. Hapa ndipo mzizi wa kwanza ulipo, na sioni kama familia ilikuwa na namna nyingine wakati ule. Kwa mbwa, muda wa kuzoea dunia ni mfupi: kuanzia wiki ya 3 hivi hadi ya 12 au 14. Anachokiona na kukisikia kwa amani katika majuma hayo (watu wa kila namna, pikipiki, watoto, sauti za chuma) kwa kawaida hakimtishi tena maisha yake yote. Asichokutana nacho hukihesabu kuwa hatari mpaka afundishwe taratibu kwamba si hatari. Bobi katika majuma hayo aliujua ukuta mmoja, sufuria, na mtu mmoja anayemletea chakula.

Hata hivyo aliishi. Alibweka, alikimbia uani, alimfuata binti wa nyumba kila mahali. Woga wake ulikuwepo lakini ulivumilika. Kilichouvunja uvumilivu ni siku zile za mwisho za Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini. Familia ililala sakafuni ndani ya nyumba, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Bobi alikuwa nje, amefungwa, mabomu na risasi vikisikika pande zote, na kamba yake haikumruhusu kufika popote. Ninaliwekea uzito hilo la kamba kuliko mlio wenyewe. Mbwa wengi wa Goma walisikia milio ileile. Wale waliopata pa kujibanza, au waliokimbia na kurudi baada ya siku kadhaa, niliowaona baadaye wengi walikuwa wamepata nafuu. Waliobaki wamefungwa ndio walionisumbua akili.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, huko Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo leo ni vigumu kuyasoma bila kuumia. Mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia kwa njia yoyote, walipowekwa baadaye kwenye kisanduku ambamo kuruka kizuizi kidogo tu kungewaokoa, wengi wao hawakuruka. Walilala chini na kupokea. Waliokuwa wamepewa shoti zilezile lakini wakiwa na uwezo wa kuzisimamisha, waliruka. Kilichowatenganisha ni kama mnyama alikuwa na la kufanya au hakuwa nalo. Namwona Bobi humo moja kwa moja, na mpango wote nilioufuata unatokana na hapo: kumrudishia mbwa jambo la kufanya, hasa uwezo wa kuondoka.

Papa na santineli kwa nia njema kabisa walikuwa wamefanya kinyume. Kila asubuhi santineli alimvuta Bobi kwa kamba hadi getini na kumfunga hapo saa nzima "ili azoee". Jirani alishauri pilipili kwenye chakula imfanye mkali. Papa aliniambia kwamba mazoezi ya geti yalikuwa yanafaa, kwa kuwa siku za mwanzo mbwa alipiga kelele na kujirusha, halafu akatulia. Nilikwenda kumwona akiwa amefungwa hapo. Alikuwa amelala bapa, masikio nyuma, mkia umebanwa chini ya tumbo, weupe wa macho unaonekana, na kipande cha nyama nilichoweka mbele ya pua yake hakukigusa. Mbwa mwenye njaa anayekataa nyama hajatulia. Amekata tamaa. Kila aliporudi chini ya ngazi alikuwa na mahali pamoja tu duniani pa kujificha, na ndimo mkono wa fundi ulimoingia siku ile.

Ndiyo maana sikubaliani na maneno ya kwamba aliuma bila onyo. Binti wa nyumba, ambaye hakuulizwa na mtu siku ile, alinieleza kwamba fundi alipokuwa akipita karibu na ngazi Bobi alijilamba mdomo mara nyingi, akapiga miayo, akageuza kichwa pembeni, akasogea ndani zaidi. Hayo yote ni maneno ya mbwa. Kunguruma ndiyo sauti ya mwisho kabla ya meno, na Bobi alikuwa amekwisha kuchapwa fimbo kwa kunguruma, zamani, alipomnguruma mgeni. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma haachi kuogopa. Anaacha kutoa taarifa. Naliomba kila nyumba yenye mbwa iliweke hilo moyoni, kwa sababu ndilo linalowaumiza watoto.

Tulianza na mahali. Chini ya ngazi palifanywa pake rasmi: ubao ukawekwa upande wa uani ili mikono isiingie, tundu la pili likafunguliwa upande wa jiko ili awe na njia mbili za kutoka, na gunia la zamani likatandikwa. Sheria ikawa moja kwa watu wote wa parsele pamoja na wageni: Bobi akiwa humo, haitwi, havutwi, haguswi. Kamba ikaondolewa mchana kutwa, geti likibaki limefungwa. Papa alisikitika. "Docta, mbwa anayebembelezwa hivi atalinda nini?" Nilimwomba anipe mpaka kiangazi.

Kisha tukaweka mtu wa kukaa naye. Mwaka 1924, mwezi Septemba, mto Neva ulifurika Leningrad na maji yakaingia kwenye mabanda ya mbwa wa Ivan Pavlov, yule mtaalamu wa Urusi aliyejulikana kwa mbwa wanaodondokwa mate. Waliokolewa wakiwa tayari wanaogelea ndani ya vizimba. Baada ya hapo baadhi yao walipoteza mambo waliyokuwa wamefundishwa, na mmoja alichanganyikiwa upya maji kidogo tu yalipoachwa yapite chini ya mlango. Lakini mtu waliyemzoea alipokaa naye chumbani, mbwa huyo aliweza tena yale aliyokuwa ameshindwa akiwa peke yake. Kwa hiyo wanaosema ukimtuliza mbwa mwenye hofu unamfundisha kuogopa wanakosea. Hofu si ujanja ambao mbwa anautumia apate kupapaswa. Binti, mwenye miaka kumi na kitu, akapewa kazi ya kukaa jioni kwenye kiti kifupi hatua kadhaa kutoka ngazi, ubavu wake ukielekea kwa mbwa, akisoma masomo yake, na kila baada ya muda akitupa kipande cha sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani) karibu na tundu bila kumtazama. Hakuna kuita. Bobi akitaka anatoka, asipotaka anakaa. Mwanzoni alitoa pua tu. Baadaye akawa anakula mbele yake, halafu akalala nje ya tundu. Alipoanza kumsogelea mwenyewe, binti alimkuna kifuani kwa muda mfupi, akaacha, akangoja: mbwa akisogea tena, anakunwa tena, akigeuka, basi. Kazi hii ilichukua wiki nyingi na ndiyo niliyoijali kuliko zote.

Geti lilifuata, na humo utaratibu ni wa kushika kwa makini. Sauti hutangulia, chakula hufuata. Ukitoa chakula kwanza kisha ukagonga geti, utafika mahali mbwa anaiogopa sambaza, kwa sababu imekuwa ishara kwamba geti litagongwa. Na sauti lazima iwe ndogo kiasi kwamba mbwa anaisikia lakini bado anaweza kula. Akikataa chakula, akimeza kwa pupa na kukimbia, au akikaza mwili, umeanzia karibu mno au umepiga kwa nguvu mno. Ongeza umbali, usiongeze mkazo. Mwaka uleule wa mafuriko ya Leningrad, Mary Cover Jones huko Marekani alichapisha jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aliyeogopa sungura kwa njia ya jamaa hiyohiyo: mtoto anakula kitu anachokipenda huku sungura akisogezwa taratibu siku baada ya siku. Hakuna mtu tangu wakati huo aliyenionyesha njia bora kuliko hiyo.

Bobi na binti walikaa nyuma ya jiko, mahali pa mbali kabisa na geti. Santineli alishika komeo na kulitikisa kidogo. Binti akasikia, akadondosha sambaza. Mapumziko. Tena. Mara chache tu, kisha wakaacha mbwa akiwa bado anataka kuendelea. Siku mvua ilipopiga mabati kwa nguvu, au jenereta ya jirani ilipounguruma mchana kutwa, au milio ya risasi iliposikika usiku, hatukufanya chochote, maana hofu hujilimbikiza mwilini na mbwa aliyeshtuka jana leo anaanza akiwa tayari amejaa. Kutoka komeo tulikwenda kwenye kidole kugonga chuma, kisha ngumi, kisha ngumi mahali Bobi anapoliona geti, kisha mtu wa nyumbani akigonga kutoka nje. Mtu asiyemjua alikuja mwisho kabisa. Mzee santineli, ambaye mwanzoni alidhani ni mchezo wa watoto, aligeuka kuwa mwenye mkono mwepesi kuliko sisi wote. Alikuwa anajua kugonga kwa kipimo kilekile kila mara, na uhakika huo mbwa aliuhitaji.

Dalili niliyokuwa naingoja ilionekana kiangazi. Ngumi ilitua getini, na Bobi badala ya kuinama akainua kichwa na kumgeukia binti. "Tonton, ameniangalia!" aliniambia kwa simu akipiga kelele. Alikuwa sahihi kufurahi hivyo. Maana yake ni kwamba sauti ileile iliyomfanya ajikojolee sasa inampa tumaini la kitu.

Pamoja na hayo tulimpa kazi ya pua. Kila chakula cha asubuhi kilitawanywa kwenye changarawe ya lava, kwenye majani makavu ya migomba, baadaye ndani ya maboksi yaliyofunikwa, atafute mwenyewe. Mbwa anayenusa anashusha kichwa, anapumua kwa mpangilio, anaamua njia, anakosa na kujaribu tena bila mtu kumwadhibu. Mbuga ya Virunga ina mbwa wakubwa wa kunusa wanaofuatilia nyayo za majangili, na kazi yao imejengwa juu ya jambo hilihili: mbwa anatangulia, mtu anamfuata. Bobi hatafuatilia jangili. Lakini jinsi alivyopita uani asubuhi mkia ukiwa juu, akitafuta samaki chini ya boksi, papa mwenyewe alisimama kumtazama.

Kuhusu dawa niseme kwa kifupi. Kwa mbwa wengine mazoezi peke yake hayatoshi, na daktari wa wanyama anaweza kuandika dawa za kupunguza wasiwasi. Nilichokataa ni asepromazini, ambayo watu huitumia kumlegeza mbwa wakati wa kelele. Inalegeza mwili huku hofu ikibaki ndani, na baadhi ya mbwa hushtushwa na sauti zaidi wakiwa nayo. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kama ibuprofeni, hazifai kabisa kwa mbwa. Zinaharibu tumbo na figo.

Septemba mvua zilirudi na Bobi akarudi nyuma. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi, na ngurumo haina kipimo unachoweza kukipanga kama ngumi ya santineli. Tulijaribu sauti ya radi iliyorekodiwa kwenye simu, chini sana, ikifuatwa na chakula. Ikasaidia kidogo, kwa kuwa radi halisi huja na mtikisiko, mwanga na upepo ambavyo simu haina. Tulichokifanya ni kubadilisha mahali: wingu likijikusanya upande wa ziwa, mlango wa nyumba unaachwa wazi na Bobi anaingia kulala korido, karibu na ukuta wa ndani, mtu yeyote wa nyumbani akiwa jirani. Anatetemeka. Hajikojolei, haparui sakafu, na mvua ikikatika anatoka na kula. Sidhani kama ataizoea radi, na sioni sababu ya kumdai hivyo.

Kuhusu ulinzi: mgeni akigonga, Bobi anabweka akiwa juu ya ngazi, anasimama, na hakimbii. Santineli ndiye anayefungua. Mgeni haachiwi kumgusa, na siku ya mafundi Bobi hufungiwa ndani mapema na mfupa wake. Papa angependa mbwa anayesimama getini kifua mbele. Nilimwambia waziwazi kwamba Bobi hatakuwa huyo, na kwamba kelele kutoka kwenye ngazi inamwamsha santineli sawasawa na kelele kutoka getini. Mama alimaliza mjadala: "Papa, usiku tunalala. Unataka nini tena?"

Sasa papa anataka mtoto wa mbwa wa pili. Nimemwomba asimchukue kabla ya wiki ya 8, amchukue kwa mama anayekubali watu, na katika wiki za kwanza abebwe mikononi hadi barabarani aone chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), motari (waendesha pikipiki), wanafunzi na wanawake wa sokoni, akila kitu kizuri huku akitazama, bila kuwekwa chini penye uchafu wa mbwa wengine mpaka chanjo zikamilike. Nimemwomba pia kwamba alale ndani ya nyumba mwanzoni, asifungwe nyuma ya jiko. La kwanza amelikubali. La pili bado tunajadiliana, na nitarudi Himbi na chanjo ya Bobi ya kurudia, ambayo lazima aipate kabla mgeni hajafika.